Mwachishe dada kazi ukiwa bado una pesa za kumwachishia

Gesi ilikwisha Jumapili usiku, uji wa mama ukiwa mekoni haujachemka. Mfukoni sina kitu na mshahara umebakisha siku tano. Dada wa kazi akaingia chumbani kwake, akatoka na shilingi 3,000 mkononi: "Kaka, chukua, utanirudishia." Nikachukua. Nimeubeba mtungi begani kwenda dukani, ndipo aibu ikanipata. Pesa ile ni mimi niliyemlipa mwezi uliopita, na sasa namkopa ninunue gesi ya kumpikia mgonjwa aliyekuja kumtunza. Mwezi mmoja zaidi wa namna hii na mshahara wake wenyewe ungekuwa deni, na mtu anayekudai hivyo huwezi tena kumuaga kwa heshima. Unamfukuza, au unamkwepa.

Hii ilikuwa Januari 2025, Mombasa. Nayaandika haya kwa aliye na mzee kitandani na dada wa kazi aliyetoka nje ya nchi, naye ameanza kuona tarehe 25 zinamjia kama mafuriko. Kama bado una akiba ya miezi miwili, soma leo, usingoje ziishe. Kumwachisha mtu kazi kuna gharama yake, na gharama hiyo hutoka katika mfuko uleule unaokauka.

Nyumbani mambo yalikuwa hivi. Mama alipigwa na kiharusi 2021, upande wa kulia ukalala. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi ikapungua, mshahara ukashuka kutoka 52,000 hadi 38,000. Aliyekuwa akitubeba ni dada yangu mdogo, aliyekuwa Jeddah akimhudumia bibi kizee wa watu kwa riyali 900 kwa mwezi. Kila mwezi anatuma nyumbani, na pesa hizo ndizo zilizomlipa dada wa Tanga, aliyemuacha mama yake mwenyewe Muheza aje kumgeuza mama yetu. Ukiifuata safari ya hiyo riyali utapata kizunguzungu, kwa hiyo niliacha kuifuata.

Januari tarehe 10 dada yangu alishuka uwanja wa ndege na begi moja. Huko kwao mambo ya tajiri yaliharibika. Walimwambia Jumanne, Ijumaa yuko ndegeni, na mishahara miwili imebaki hukohuko. Yeye ndiye aliyenikalisha kitako baada ya ile habari ya gesi. Hakunihutubia. Alisema tu, "Yule mtoto wa watu usimfanyie nilivyofanyiwa mimi."

Piga hesabu kabla ya kufungua mdomo

Usianze na mazungumzo, anza na kalamu. Ukimwambia mtu "tutaachana" halafu akakuuliza "nitapata nini?" ukababaika, ameshajua kwamba hatapata kitu, na siku zote zilizobaki atakuwa anafanya kazi akiwa na donge.

Kwanza elewa jina la jambo lenyewe. Kumfuta mtu kwa kosa ni kitu kimoja. Kumwachisha kwa sababu pesa zimekwisha, naye hana hatia, sheria inakuita kumpunguza kazi, na kwa Kenya kumewekwa kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Watu hufikiri kifungu hicho ni cha viwanda na mabenki. Dada wa nyumbani naye ni mwajiriwa. Kinadai haya: umwarifu yeye mwenyewe kwa maandishi na umwarifu afisa wa leba, umpe notisi isiyopungua mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake, likizo aliyokuwa hajaichukua ulipe kwa pesa taslimu, na umpe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza.

Hapa kuna mtego. Kuna malipo mengine ya utumishi katika kifungu cha 35 ambayo mwajiri hadaiwi ikiwa alikuwa anamlipia mwajiriwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi wakisikia hivyo wanafurahi: "Nimemlipia NSSF, simdai, hanidai." Hapana. Hilo ni la kifungu cha 35. Siku 15 za kifungu cha 40 ziko palepale hata kama NSSF umelipa mpaka senti ya mwisho.

Mshahara wake ulikuwa 20,000, chakula na malazi juu yetu. Alianza tarehe 1 Novemba 2021, kwa hiyo mpaka Februari 2025 alikuwa ametimiza miaka mitatu na miezi minne. Kwenye kugawa mshahara kwa siku watu hubishana, wengine kwa 30, wengine kwa 26 kwa kuwa kila wiki ina siku moja ya mapumziko. Mimi niligawa kwa 26. Inamzidishia kidogo, na sikutaka mzozo wa shilingi mia nane. 20,000 kwa 26 ni 769 na senti. Mara siku 15, mara miaka mitatu: 34,615.

Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani siku moja na robo tatu kwa mwezi. Mwaka uliopita alikuwa amebakisha siku saba kwa sababu mama alilazwa tukamwomba asiende. Miezi minne ya mwaka mpya ni siku saba nyingine. Siku 14 mara 769 na senti: 10,769.

Mshahara wa Februari 20,000, kabla ya makato. Makato ni yaleyale ya kila mwezi: SHA, yaani bima ya afya, asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF asilimia 6. Usiyaache mwezi wa mwisho kwa kuwa "anaondoka tu." Na upande wako wa NSSF na nyumba nao unadaiwa.

Nauli na chakula cha njiani nikaweka 3,000. Jumla 68,384.

Nilipoiona hiyo namba niliinuka nikatoka nje. Lakini nilipotulia, nikaona ubaya wake una kipimo. Ni deni lenye mwisho. Mshahara wa 20,000 kila mwezi kwa mtu ambaye huna pesa za kumlipa hauna mwisho. Nikauza friza ambayo dada yangu aliwahi kuuzia barafu, 18,000. Chama chetu cha pale ofisini kikanikopesha 40,000 kwa miezi minane. Iliyobaki ikatoka kwenye mshahara wangu wa Februari. Pesa za friza na za chama sikuziweka kwenye simu yangu, maana simu yangu ina mdomo. Nilimpa dada yangu azifungie.

Njia za mkato nilizoshauriwa

Ukoo ukisikia una shida ya pesa, hukupa kila kitu isipokuwa pesa. Mjomba mmoja alinishauri nimtafutie kosa. "Sema pete ya mama haionekani, ataondoka mwenyewe usiku." Hii ni kawaida kwetu kuliko tunavyokiri, na mgeni ndiye huonewa zaidi, kwa sababu hana shangazi mtaani wa kumsimamia wala hajui atoke apite wapi. Ukilifanya, umemwibia mara mbili: pesa zake na jina lake, na jina ndilo atakaloombea kazi nyingine. Kama dhambi haikutishi, basi sheria ikutishe. Ana miaka mitatu ya kukushtaki, na mahakama ya ajira ikiona umemwachisha isivyo haki inaweza kukuagiza umlipe fidia mpaka ya mishahara ya miezi 12. Kwangu mimi hiyo ingekuwa 240,000.

Shangazi yeye alikuja na huruma: "Mwache akae, atakula na kulala, mambo yakinyooka utamlipa." Hii ni hatari kuliko ya mjomba, kwa sababu ina sura ya wema. Mtu anayekula na kulala bila mshahara si mgeni wako wala si mwajiriwa wako. Sina neno zuri la kumwita.

La tatu lilinisumbua zaidi, kwa sababu lilitoka kwa dada wa kazi mwenyewe. Alisema yuko tayari kubaki kwa nusu mshahara. Nilikaa nalo usiku kucha. Kupunguza mshahara kwa makubaliano kunawezekana ikiwa mmekaa mkazungumza na mabadiliko yakaandikwa. Lakini kuna sakafu. Kuanzia Novemba 2024 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kwa miji kama Mombasa na Nairobi kilikuwa 16,113.75. Elfu kumi ni chini ya sakafu, akikubali asikubali. Nami hata hiyo 16,113 sikuwa nayo. Nikamwambia, nusu mshahara tungeweza kuongea kama kungekuwa na nusu kazi, na mama hana nusu. Anageuzwa usiku kama mchana.

Siku ya kumwambia

Usimwambie kwa simu, wala usiku, wala jikoni akiwa na kisu na watoto wanasikiliza. Usimwambie siku ambayo hujamlipa. Mimi nilingoja mshahara wa Januari. Jumamosi tarehe 25 nilimlipa asubuhi, nikamrudishia na zile 3,000 za gesi zikiwa peke yake ili zisichanganyike na mshahara, na baada ya Alasiri nikamwomba tuketi barazani, mimi, yeye na dada yangu. Mwanamke mwenzake awepo; asijikute na mwanamume peke yake akisikia habari kama hiyo.

Nilimwambia takriban hivi: "Dada, umetutunzia mama miaka mitatu na hujatukosea. Pesa zilizokuwa zinatoka Jeddah zimekatika, na mshahara wangu hautoshi kukulipa. Kazi itaisha mwishoni mwa Februari. Haki zako zote nimezipigia hesabu, hizi hapa, na siku ya kuondoka utaondoka nazo." Nikampa karatasi ya hesabu. Sentensi ya kwanza niliipanga makusudi. Dada wa watu akiambiwa kazi imeisha, kitu cha kwanza anachouliza ni alichouliza yeye: "Nimekosea wapi, kaka?" Nilikuwa nimeshamjibu, na bado aliuliza. Basi jibu tena.

Usijaze maneno. Mimi nilianza kueleza habari za mizigo na bandari, dada yangu akanigusa mguu. Mtu anayepoteza kazi hahitaji kukupa pole wewe.

Alinyamaza, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, akauliza kuhusu zile siku saba za likizo alizobakisha mama alipolazwa, alidhani nimezisahau. Nikamwonyesha. Halafu akaniomba kitu kimoja: awe kwao kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Tukapanga siku ya mwisho iwe Alhamisi tarehe 27 Februari, safari Ijumaa. Maombi kama hayo hayana gharama, yakubali.

Karatasi

Barua ya notisi nilimpa Jumatatu tarehe 27 Januari, nakala moja nikaipeleka ofisi ya leba ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala nyingine ikabaki kwangu ikiwa na sahihi yake. Niliandika kwa Kiswahili, lugha tunayoijua sote wawili. Kama mtunzaji wako anatoka Uganda au Burundi na Kiswahili chake si kizuri, tafuta mtu amsomee kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi. Yangu ilikuwa hivi, ukiitaka ichukue:

"Kwako dada (jina kamili na namba ya pasipoti). Nasikitika kukuarifu kwamba kazi yako ya kumtunza mama yetu itafikia mwisho tarehe 27 Februari 2025. Sababu ni kupungua kwa mapato ya familia. Si kosa lolote lako. Notisi hii ni ya mwezi mmoja kuanzia leo. Siku ya mwisho utalipwa mshahara wa Februari, likizo ya siku 14, kiinua mgongo cha miaka mitatu, na nauli ya kurudi nyumbani, kwa hesabu iliyoambatishwa. Nakala: Afisa wa Leba, Mombasa."

Basi. Usiandike kurasa tatu.

Karatasi ya pili ni hati ya utumishi. Watu wengi hawaijui, na sheria inaidai kwa kila aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne: jina lako na anwani, jina lake, alianza lini, kazi gani na wapi, aliacha lini. Hulazimiki kumsifu ndani yake. Sifa niliziandika kwenye barua nyingine, na hapo sikuona haya kusema kwa undani: anajua kumhamisha mgonjwa wa kiharusi kutoka kitandani hadi kwenye kiti peke yake, anajua kupima presha kwa mashine na kuiandika, na kwa miaka mitatu mama hakupata kidonda cha kulalia hata kimoja. "Ni mwaminifu na mchapakazi" kila mtu huandika. Halimpatii mtu kazi. Nakala moja ya Kiswahili kwa ajili ya Tanga, moja ya Kiingereza akibahatika kupata hospitali au hoteli.

Karatasi ya tatu ni risiti ya malipo ya mwisho, kila kiasi na mstari wake, sahihi zetu wawili na ya shahidi. Inakulinda wewe, na inamlinda yeye akiulizwa mpakani au nyumbani pesa hizi zimetoka wapi.

Kwa sababu ni mgeni

Pasipoti iwe mkononi mwake tangu siku ya kwanza. Kama umeifungia kabatini "isipotee," itoe leo, kabla hata ya kumwambia habari ya kazi, na uombe radhi. Dada yangu hakuiona yake miaka miwili kule Jeddah, aliipewa uwanja wa ndege.

Angalia tarehe za kibali na za muhuri wa kuingia. Siku ya mwisho ya kazi iwe ndani ya tarehe hizo na iache nafasi ya safari, maana akipitiliza ni yeye atakayeulizwa, na wewe umelala kwako. Kibali cha kazi cha mgeni kimefungwa na mwajiri aliyekiombea. Akimaliza kwako hakimruhusu kuhamia kwa jirani. Huyo jirani itabidi aombe chake. Mtu mmoja wa Nyali alimtaka kwa mama yake, nikampelekea habari kama ilivyo, pamoja na habari ya kibali kipya, nikamwachia aamue. Akasema amechoka, anataka kwao. Nikaandika barua kwa Uhamiaji kuwaarifu kwamba kazi imeisha na tarehe ya kuondoka, nikahifadhi nakala.

Kama hana kibali chochote na mmekuwa mkiishi kwa kunyamaziana, usilifanye hilo kuwa rungu. "Nitakuitia Uhamiaji" imewanyima watu wengi mishahara pwani hii. Kosa la kibali mlilifanya wawili; jasho alilitoa peke yake.

Pesa zenyewe: usimpe mtu 68,000 taslimu avuke nazo kivuko cha Likoni, apande basi, apite Lunga Lunga, apange foleni mpakani, atokee Horohoro upande wa Tanzania wanakomsubiri wabadilisha pesa wenye viwango vyao. Unaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya moja kwa moja hadi M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Tulikubaliana hivi, na tukaandika kwenye risiti: taslimu 8,384 za njiani, nyingine zote zitumwe kwenye namba yake ya Tanzania siku ya mwisho ya kazi, kabla hajapanda basi, akiwa ameketi karibu yangu. Tulijaribu kwanza na shilingi 500, tukampigia kaka yake Muheza aliyekuwa na laini ile, akathibitisha. Usimwambie "ukifika nitakutumia." Akishavuka Horohoro, ahadi yako inapungua uzito kila kilomita.

Salio lililokuwa kwenye laini yake ya Kenya alilitoa lote mapema. Laini ikikaa bila kutumika baadaye hupewa mtu mwingine, kwa hiyo alihamisha WhatsApp yake kwenye namba ya nyumbani tukiwa bado pamoja.

Na zawadi. Mama alimpa blanketi, birika la umeme na leso sita. Niliandika karatasi fupi kwamba vitu hivi amepewa, nikatia sahihi. Begi alifunga mwenyewe, mlango wa chumba chake umefungwa. Hatukupekua.

Mwezi wa notisi ni wa kujifunza

Hapa ndipo nilipoona faida ya kumwambia mapema, faida ambayo sikuitarajia. Ningemfukuza kwa siku tatu, angeondoka na elimu yote ya mama. Dada yangu alikuwa ametunza mzee wa watu, lakini kila mwili una mambo yake, na kwa mwezi mzima walikuwa wawili chumbani.

Mambo madogo, lakini ndiyo yanayomweka mgonjwa hai. Nguo inavishwa mkono uliolala kwanza, na ikivuliwa mkono huo ndio wa mwisho. Leso moja inakunjwa na kuachwa chini ya nyonga. Watu wawili wakishika ncha zake mama anapanda juu kitandani bila kuburuzwa, maana kuburuza ndiko kunakochuna ngozi. Kila saa mbili anageuzwa, na visigino vinaning'inia juu ya mto visiguse godoro. Maji matupu yanampalia, uji mzito haumpalii. Na akishakula anakaa wima nusu saa, hata akilalamika. Dawa ya presha ya usiku huificha chini ya ulimi na kuitema ukigeuka. Hilo la mwisho mimi mtoto wake nililijua siku hiyo.

Niliwapa daftari la shule la kurasa 48. Likajaa mpaka jalada la nyuma, hati ya dada wa Tanga na michoro yake ya mto uwekwe wapi.

Mama mwenyewe tulimwambia baada ya wiki moja. Nilitaka kungoja mpaka siku ya mwisho, nikidhani namhurumia. Dada alikataa, akasema mzee atadhani ametoroka. Akamwambia yeye, ameketi ukingoni mwa kitanda anamsugua mguu. Mama hasemi vizuri tangu apigwe na kiharusi, lakini kulia analia sawasawa. Siku mbili hakutaka kula kwa mkono wa dada yangu. Ya tatu akala. Kama tungengoja, zile siku mbili zingetukuta hatuna mtu.

Ijumaa asubuhi nilimsindikiza mpaka upande wa pili wa kivuko, basi lilipokuwa likipakia. Karatasi zake zilikuwa kwenye bahasha ya nailoni kifuani. Saa saba na dakika ishirini akatuma sauti kutoka Horohoro: amevuka, amegongewa muhuri, hajaulizwa kitu kuhusu blanketi. Halafu sauti ya pili ndefu, ya kumsikilizisha mama, ikimwuliza kama amekunywa dawa au ameitema.

Nakala zangu nimeziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati: notisi, hesabu, risiti, barua ya Uhamiaji, stakabadhi za NSSF na SHA. Zitakaa humo miaka mitatu. Deni la chama limebakisha miezi miwili.